Sita au Nane

Waliojiandikisha kumi na wawili, waliokuja kumi na tisa.
Kompyuta saba, moja haitoi herufi A
mpaka uibonyeze kwa ukucha.
Kituo cha Walimu, Wete, Jumatatu, saa mbili na robo:
soketi nzima ni moja tu, nayo iko nyuma ya kabati
lililojaa chaki zilizoota ukungu.

Nimekuja na slaidi arubaini.
Ya kwanza inauliza DATA NI NINI?
Kombo Shaame, msomeshaji wa historia Mchangamdogo,
akanyanyua mkono kabla sijaifungua ya pili:
"Tukishaihesabu historia, itakuwa imetwambia nini?"
Nikasema tutafika hapo.
Mwenyewe sikujua hapo ni wapi.

Hadi adhuhuri tumejifunza kuwasha, kuhifadhi,
na kulitafuta faili ulilolihifadhi ukalipoteza.
Baada ya sala, na boflo kwa maharage,
nikawaambia: sasa leteni maneno yenu.
Mize Faki akatoa daftari la shangazi yake,
jalada limeliwa na mende,
beti kwa herufi za Kiarabu, wino wa kahawia,
na chini, kwa penseli, yeye kazihamisha kwa herufi za skuli:

        Mtu asiye na mtu
        hukaa kando ya watu
        mkononi hana kitu
        mlangoni hana hodi

Tuifundishe mashine kuhesabu mizani, nikasema,
nikawaonyesha programu yangu, mistari mitano,
niliyojivunia usiku kucha melini:
kila irabu, mizani moja.
Nikabonyeza.
Sita. Nane. Saba. Saba.

Mize hakucheka. Alivitandaza vidole juu ya meza
akaugonga mstari wa kwanza, silabi kwa kidole,
vidole vikawa vinane.
"Mwalimu, m umeiacha nje.
M ya mtu husimama peke yake, haishikwi mkono na irabu.
Ukishaitoa hiyo, huyo si mtu tena.
Ni tu."

Haya, tukaongeza sharti: m ikikutana na konsonanti, ihesabiwe.
Mstari wa kwanza ukatoka nane, tukapiga makofi.
Makofi hayajesha Kombo kaandika *mbona*,
mashine ikasema tatu.
Tukaitenga b. Tukapiga makofi tena, mapema mno,
kwani Riziki Hamad, karani wa mahakama ya kadhi,
ambaye tangu asubuhi hajafungua mdomo,
alivuta kibodi akaandika neno moja:
*mbuni*.

Mbili, ikasema mashine.
"Ndege au mti?" akaiuliza Riziki, kwa upole,
kama anavyouliza shahidi.
Ndege ni mbili, mti ni tatu,
na maandishi yao hayapishani hata nukta.
"Na anayebuni je?" sauti kutoka nyuma.
Naye tatu.
Mashine ikakaa na mbili yake.

Slaidi thelathini na sita zilibaki humo humo.
Saa tisa na nusu umeme ukaondoka na projekta,
ukatuachia betri mbili, daftari moja,
na watu kumi na tisa wanagonga meza
wakibishana kwa sauti, madirisha wazi, barabarani watu wanapita,
kama nchi ni moja au mbili.
Mizani! nikapaza sauti. Tunazungumzia mizani!
Kombo alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha akasema: "Kwa hiyo mashine haijui."
"Haijui," akajibu Mize, akilifunga daftari kwa kanga.
"Na mie nilikuwa sijui kuwa najua."

Usiku, chumba cha wageni, ripoti inataka idadi.
Washiriki: 19. Slaidi zilizokamilika: 4.
Mafanikio: hapo wameacha mstari mmoja mfupi.
Nikaufungua tena ule wa shangazi, kwa sharti jipya.
Nane, ikasema.
Nikauhesabu na mie, kwa vidole, juu ya goti,
nipate hakika.