Futi Sita Kila Upande

Mara nne kwa mwaka kaunti hunituma
na mashine ya kufyekea, nikate nyasi
kukizunguka kibao, futi sita kila upande,
si zaidi. Zaidi ya hapo ni kwa Kuykendall,
na Kuykendall huhesabu hata miiba yake.

Kibao chenyewe ni bamba la shaba
juu ya jiwe jekundu lililoletwa na lori,
maana kwetu mawe hakuna. Kwetu kuna pamba,
ghala la nafaka, makanisa mawili yasiyosalimiana,
kituo cha mafuta kinachouza na chambo,
na upepo usiojua kuketi.

Bamba linasema: Hapa Wakomanche walipiga kambi.
Hapa walinywesha farasi wao.
Miaka kumi na mmoja nimelifuta kinyesi cha ndege,
sijauliza hata siku moja:
farasi walikunywa nini, lami?

Mwezi wa kumi likaja gari lenye namba za Oklahoma.
Akashuka mama mwenye goti bovu,
na mjukuu ndani ya jezi ya mpira wa kikapu
iliyomfika magotini.
Arletta Wahnee, akasema, akanipa mkono
kabla hajalitazama jiwe.

Akasoma mara moja. Akacheka kwa puani.
"Chemchemi iko wapi?"
Nikatazama tulichonacho: meza ya saruji,
pipa la taka, mistari ya kuegeshea magari.
"Basi waliliweka," akasema,
"penye nafasi ya kugeuzia lori."

Kijana alikuwa akipitisha kidole juu ya herufi.
"Kaku," maana ndivyo amwitavyo bibi yake,
"mbona wanasema *walikuwa*?"
"Shaba huuzwa kwa herufi, mwanangu.
Pesa ziliwaishia kabla hawajafika kwetu."

Kisha akageukia kaskazini, akaelekeza kwa midomo,
kama mtu asiyetaka kupanyooshea kidole mahali pake,
kule bondeni kwenye safu ya mathenge
ambako pampu ya Kuykendall
hunguruma usiku kucha, ikifyonza.
"Si hapa. Kule.
Na siku hizi si kule tena. Ni humo, chini."

Mimi nimezaliwa maili mbili kutoka pale.
Maji yale ndiyo yaliyonipikia uji.
Nikahisi ulimi wangu mzito,
kama mgeni aliyekula akashiba
ndipo akauliza nyumba ni ya nani.

Sikusema kitu. Niliukanyaga waya wa chini kwa buti,
wa juu nikauinua kwa glavu.
Kijana akapita kwanza, akamshika bibi mkono.
Walikwenda polepole, goti likiamua mwendo,
hadi jezi ikawa nukta nyekundu kwenye pamba.
Alisema maneno kule; niliona mabega yake.
Upepo uliyapeleka upande mwingine,
na nadhani hayakuwa yangu.

Machipuko haya nilipokuja na mashine
nilikata futi sita mashariki, sita magharibi, sita kusini.
Kaskazini nikaendelea mpaka kwenye waya,
njia nyembamba, upana wa watu wawili walioshikana.

Kuykendall akapiga simu kaunti.
Nikawaambia mashine ina kasoro,
inavuta upande mmoja.
Wakaniuliza lini nitaitengeneza.
Nikasema kipuri kimeagizwa.