Kinga Msumarini

Leseni yetu ilikaa ndani ya fremu,
nyuma ya kioo, juu ya jiko la kuni,
mbali na mvua ya Valdivia
ambayo huingia bila kupiga hodi.
Kila Jumamosi baba aliifuta vumbi
kwa kitambaa kile kile cha miwani yake.

Kinga ya msumeno ilitundikwa msumarini
kando ya kalenda ya muuza gundi.
“Inanizibia mstari,” alisema. “Inachelewesha.”
Na kweli ilichelewesha:
ubao wa manyio ulitaka dakika tatu
badala ya mbili.

Mimi ndiye niliyejaza fomu.
Nilikuwa na miaka kumi na minne
na mwandiko mzuri kuliko wote nyumbani.
Kizimamoto kipo? Ndiyo,
kimeegemezwa kwenye mlango wa nyuma.
Mlango wa dharura upo? Ndiyo,
ule ule, ulioegemewa na kizimamoto.
Mashine zina kinga?
Nikainua macho, nikaiona pale msumarini.
Ndiyo.
Tiki zangu zilikuwa na mkia mrefu.
Nilizipenda.

Mwezi wa Mei akaja mkaguzi, Bibi Iturra,
viatu vimelowa, kalamu haiandiki vizuri.
Baba alikuwa ameishusha kinga asubuhi,
ameifunga kwa skrubu mbili kati ya nne.
Tukampa chai na keki ya tufaha.
Akatazama, akatafuna, akagonga muhuri.
Gari lake halijafika darajani
skrubu zilikuwa mfukoni mwa baba.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, wanasema.
Sisi tulikuwa nayo moja tu,
baridi, imening'inia.

Baltazar Oyarzo, mwanagenzi, mtoto wa Chiloé,
miaka kumi na tisa,
kodiani yake ikilala chini ya meza ya randa
imefunikwa gunia ili isile vumbi.
Ilikuwa Jumanne.
Sauti yake sitaieleza.
Nitasema tu kwamba msumeno ulibadili noti
kidogo,
halafu ukairudia,
kama mtu aliyejikwaa njiani
akatazama huku na huku kama ameonwa.

Viwili, mkono wa kushoto.
Muuguzi kwenye simu akauliza viko wapi.
Baba akapiga magoti katika unga wa mbao
akichekecha kwa viganja, kama mwanamke apembuaye mchele,
na mimi nikashika taa.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Wahenga hawakutuambia vitatu hufanya nini
juu ya vitufe vya kodiani.

Majirani walitufariji:
karatasi mnayo, mhuri mnao, msiogope.
Nikaitazama karatasi.
Safi, kavu, nyuma ya kioo chake.
Humu ndani nzima
ni yeye peke yake aliyekuwa na kinga.

Kila Krismasi baba alituma pesa kisiwani.
Hazikurudi, wala halikuja neno.
Juzi nilimwona Baltazar sokoni, upande wa samaki,
akiwapigia kelele simba-bahari walioziba ngazi.
Alinisalimu kwa mkono wa kulia.
Ule mwingine ulibaki mfukoni.

Karakana sasa ni yangu.
Leseni iko kwenye droo pamoja na risiti;
mtu akiiomba, namtolea.
Fremu nimeiwekea picha ya mama.

Kila fomu mpya inapofika
nazima umeme kwanza.
Nautoa ufunguo, nauvaa shingoni.
Natembea na karatasi kutoka mashine hadi mashine,
naigusa skrubu ya kwanza, ya pili,
ya tatu,
natikisa ya nne mpaka nitosheke.
Ubao wa manyio unataka dakika tatu.
Naupa tatu.

Kisha naandika ndiyo,
kwa herufi ndogo,
bila mkia.