Mbweha wa Kastoria

Daktari kijana anaandika, hamtazami:
alopekia. Kwa kucha: kilonikia.
Anadhani amemficha.

Evanthia anacheka mpaka kiti kinalia.
Mwanangu, hicho ni Kigiriki cha jikoni kwangu.
La kwanza ni mbweha.
La pili, ukucha wenye bonde.

Miaka arobaini nimeshona mbweha,
mkia kwa shingo, shingo kwa tumbo,
makoti ya wake za wenye nazo.
Na sugu hii ya sindano
haina jina kitabuni mwako?

Anavua kitambaa. Utosini, baka
tupu, duara, laini kama kisosi.

Basi kaja kudai chake.

Kisha anachovya kidole kwenye bilauri,
anadondosha tone juu ya ukucha wa gumba.
Linakaa.
Halimwagiki.