Machela Nyuma ya Mlango

Wande, machela yako bado iko nyuma ya mlango.
Nilikwambia mara ngapi, hapo ndipo pa kabati.
Ukacheka: kabati halimfikishi mtu Bugando.

Huku kwetu Igogo juu gari huishia kwa muuza mkaa,
kisha ni mawe, na ngazi walizochonga waliochoka kuteleza,
na pimbi wanaokodoa macho kama wenye nyumba.
Mwenye uchungu alishushwa na watu wanne,
wa tano ni wewe, mbele, na kurunzi:
kushoto, hilo jiwe linacheza,
pumua mama, pumua,
unaziona karabai za wavuvi kule ziwani?
Zihesabu.

Hukulipwa. Ulipewa fulana, ikapauka,
na semina moja Nyegezi, yenye soda na chapati.

Nikuungamie sasa, maana huwezi kuninunia:
usiku ule wa mvua, betri nilizificha mimi.
Ndani ya kopo la majani ya chai.
Nilitaka ulale. Usiku mmoja tu
uwe mke wa mtu mmoja.
Ulipapasa, ukaguna, ukatoka na giza lako.
Ukarudi alfajiri, goti limechanika,
na habari ya mapacha.
Hukuniuliza kitu.
Jioni ulinunua betri mpya,
na majani mapya ya chai.

Nyamizi aliwasimulia msibani ile ya nywele:
umemsuka nusu, mlango ukagongwa,
akaenda shule upande mabutu, upande msitu,
na mwalimu akamuuliza kama kwao kuna vita.
Alicheka mpaka akashindwa kusimama.
Shangazi zake wakamshika.

Tulikushusha kwa machela hiyo hiyo.
Wanne hawakutosha, walipokezana hata sikuwajua,
na wale uliowadaka wakiwa wekundu, wabichi,
leo wana ndevu, waligombea mpini.
Kwenye jiwe linalocheza
wote walisema kwa pamoja, kwa sauti ya chini:
kushoto.

Basi, wiki ya tatu. Saa nane usiku. Mlango.
Kijana mdogo, peku, anahema,
wamehamia juzi kutoka Ukerewe, hana habari.
"Mama Nyamizi yupo?"

Jibu lilinijaa kinywani kama tonge la moto,
halimezeki, halitemeki.
Nyuma yake, chini kabisa, karabai zilikuwa zimetapakaa majini.
Miaka thelathini na mmoja, Wande,
sikuwahi kuzihesabu.

Nilifungua kopo la chai.
Nikamwambia, shika huku, mwanangu,
wewe shika huku,
nivae viatu.