Kamba za Viatu

Kamba yetu ilikuwa na mita arobaini na nane.
Mwalimu Kavugho aliipima usiku, kwenye ukuta wa darasa,
fundo kila mita, uzi mwekundu kila kumi,
na bado ziwa Kivu likatuambia: hamjafika.

Chombo kilikuwa chupa ya dukani,
jiwe jeusi la volkano limefungwa kitakoni,
kizibo cha mpira, na uzi wa kukichomoa.
Hangi alikiita satelaiti. Tulicheka
mpaka mtumbwi ukayumba, na mwenyewe akanuna:
"Batoto ba masomo, munavua mayi?
Si mayi ni hii hapa juu, imejaa!"

Kabla ya hapo tulishusha sahani,
kifuniko cha ndoo ya rangi, robo nyeusi, robo nyeupe.
Bado naiona. Bado. Bado... Siioni.
Mita tano na robo. Baseme akaandika
nyuma ya daftari la hisabati, kalamu ikivuja.

Chupa ilipanda na maji yasiyo na harufu.
Mwalimu akayanusa, akatikisa kichwa.
"Huku bado kuna pumzi. Samaki anaweza kukaa.
Natafuta mahali inapokwisha."
Atapatafuta na nini? Kamba imekwisha.

Sikumbuki nani aliinama wa kwanza.
Nakumbuka mchakacho wa kamba zikitoka matunduni,
viatu kumi na vinane vikibaki vinywa wazi
kama vilivyosikia habari ya ajabu.
Tulikuwa tisa. Tuliunga nyeusi kwa nyeusi,
na mbili nyeupe za Mapendo, za mchezo,
tukapata mita kumi na nne na kidogo.
Mwenye mtumbwi, katika kandambili zake,
hakuwa na cha kutoa. Akazima injini.

Fundo la mwisho likapita mkononi mwangu, likazama.
Mwalimu akavuta uzi.
Tukapandisha polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Yai viza! Kakule akarudi nyuma, akaziba pua.
Hangi naye akaomba anuse tena.
Sisi watoto wa Goma tunaijua hewa mbaya,
tunayajua mazuku, yanavyojilaza bondeni
yakimngoja mbuzi asiyejua kusoma alama.
Lakini ziwa? Ziwa lilikuwa la kufulia,
la kujaza bidoni asubuhi kabla ya shule.
Hatukujua lina dari upande wa chini.

Jioni nilifika Kituku viatu vikinipiga visigino.
Mama alikuwa akipima sambaza kwa kikombe.
"Kamba ziko wapi?"
Nikamweleza yote, hata lile fundo la mwisho,
nikingoja aanze kuhesabu bei.
Akasawazisha kikombe, akaongeza samaki wawili
kwa mteja ambaye hakuwa ameomba.

"Kwa hiyo sambaza zangu hazishuki kupita hapo."
"Hazishuki."
Akakaa. Akafuta magamba kwenye kitenge.
"Na huyo mustari," akasema, "unapandaka?"

Sikuwa na jibu. Mwalimu Kavugho pia,
kesho yake, hakuwa na jibu. Aliliandika ubaoni
neno kwa neno, na -ka yake,
chini yake akaandika tarehe, na nafasi tupu.

Kamba imetundikwa pale pale ukutani,
inanuka kidogo mvua inaponyesha.
Mama alinipa pesa ya kamba mpya.
Bado ninazo mfukoni.