Fomu ya Nyumba Namba Kumi na Saba

Manispaa imenipa futi ya kamba, penseli mbili,
na fomu yenye visanduku viwili:
Mashariki. Magharibi.
Weka alama kwenye kimoja tu, wameandika kwa wino mwekundu,
kana kwamba nyumba ni mtoto wa kugombaniwa kwa kadhi.

Mtaa huu wa Matrah hauingii gari.
Haukuwahi. Punda wawili wakikutana hapa
mmoja ilibidi arudi kinyumenyume mpaka msikitini,
ndiyo maana kona zote zimelainika
usawa wa matumbo ya magunia.

Naanza chini, kama nilivyofundishwa.
Kizingiti: jiwe la mlima wa nyuma.
Nguzo nne za chuma, zilizoyeyushwa nchi ya ukungu;
jina la kiwanda bado lasomeka kwa kidole,
ila herufi mbili zimeliwa na chumvi.
Juu yake roshani ya msaji wa Bombei,
nakshi zake embe changa, au korosho, sina hakika.
Dirisha la tatu lina vioo vya rangi.
Cha kijani kilivunjika,
wameziba kwa kifuniko cha kopo la samli.
Tao la mlango limepinda Kireno,
au Kihindi,
au fundi alichoka tu siku ile.

Mofizul, fundi wa sasa, anakoroga kitu kwenye karai.
Namuuliza kwa Kiarabu chetu cha kubahatisha:
huu udongo unaitwaje?
"Saruj."
Nikasimama na futi mkononi.
Saruji! Neno la mama yangu,
alilolibeba kutoka Malindi ya Unguja
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi
na hati za nyumba isiyo yake tena,
kumbe lilikuwa huku kabla yetu, limelala ukutani.
Tena si ya mfuko hii. Ni udongo uliochomwa
kwa magogo ya mtende, unanuka moshi
hata ukiwa maji.

Basi nikaanza kuwaza yasiyo ya kazi:
dirisha, nani alituletea? Na meza?
Mama akisema tu, "Funga dirisha, andaa meza,"
keshapita Uajemi, keshapita Ureno,
na hajavua kanda za jikoni.

Kutoka juu Bi Khairunisa ameshusha kikapu kwa kamba:
ufunguo, na halua imefungwa gazetini.
"Panda. Lakini usiniulize nyumba hii ya wapi.
Kila mwenye karatasi huniuliza hivyo.
Babu alipenda nguzo. Akapenda na roshani.
Alikuwa na pesa za vyote viwili."

Nimepima ngazi, hatua ishirini na tatu,
ya kumi fupi kuliko dada zake.
Nimepima mpaka adhana ya magharibi,
nikacheka peke yangu kwenye kordo,
Bi Khairunisa akadhani nacheka halua yake.

Leo Hilal, mkuu wa kitengo, ameirudisha fomu.
Haijakamilika, ameandika.
Visanduku viko vitupu, ni kweli.
Lakini pale chini, penye "Maoni mengine,"
nimeandika kwa Kiswahili,
wapo wawili ofisini watakaoelewa:
Kifuniko cha samli kisiondolewe.