Jalada la Baridi

Usiku wa tarehe tisa Januari, mjini Šiauliai,
mabomba yalianza kupoa toka ghorofa za juu kushuka,
kama mgonjwa anayepoa kuanzia vidoleni.
Hapakuwa na kishindo. Mwizi hakuvunja kitasa,
hakuacha wayo thelujini.
Alibonyeza kitufe, mahali fulani, huenda chai ikiwa mkononi,
na boila tatu zikazima
kwa adabu ileile zinavyomtii mhandisi.

Inspekta Daiva Norkutė alizoea maiti zenye majeraha.
Alijua kusoma damu: imerukia wapi, imeganda saa ngapi.
Sasa wamemkabidhi tarakimu,
kurasa mia nne za tarakimu,
na kijana wa maabara anamwambia, "Nyayo ndizo hizi."
Zinapita Porto. Zinapita ghala la viatu huko Rosario.
Zinaingia kwenye kompyuta ya daktari wa meno wa Busan
asiyejua kwamba nyumba yake imegeuzwa kichochoro.
Kisha zinakatika.
Theluji mpya imeifunika ya jana.

Mtaa wa Tilžės, ghorofa ya nane,
Bibi Bronislava alikutwa kitini, makoti mawili mwilini,
la juu la marehemu mumewe,
vifungo vimekosea njia, kimoja kimebaki bila tundu.
Daiva aliandika kila kitu. Kifungo pia.

Siku ya kumi na mbili akaupata mlango.
Haukuwa ng'ambo.
Ulikuwa chumba cha zamu, kituo cha kupashia mji joto,
chini ya kibodi, kikaratasi cha njano,
penseli: Ugnė2011.
Ugnė, jina lililozaliwa na neno moto.
Binti wa Gintautas, mlinda mitambo,
aliyefungua barua moja asiyoijua mtumaji.

"Nilidhani ni bonasi," alisema,
mikono magotini kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu.
"Miaka minne hatujaiona, Inspekta."

Kikulacho ki nguoni mwako, twasema kwetu.
Lakini nguo ile ilikuwa koti la mume,
na ndani yake hamkuwa na kitu
ila bibi na baridi.

Mwenye nia hana uso.
Mwenye uso hana nia.
Na mkuu wa kituo anataka jina kabla ya saa kumi,
waandishi wamejaa uani, wanapuliza viganja.

Daiva aliandika: *Mshambuliaji hajafahamika.*
Akaandika: *Mlango ulikuwa wazi.*
Akafuta *wazi*, akaandika *umerudishiwa tu*.
Kwenye nafasi ya jina alikaa muda mrefu,
hata taa ya mezani ikadhani hayupo, ikajizima.

Alipotaka kuhifadhi, mashine ilimdai nenosiri.
Vidole vilikwisha kuandika kabla hajawaza:
jina la mwanawe,
na mwaka aliozaliwa.

Ukutani bomba liligonga mara mbili,
likaanza kupata moto.